Taa Iliyoshindwa

Vitabu vingi vya historia ya umeme vinamsimulia Edison na globu yake, basi. Taa ya Mjerumani Walther Nernst vinairuka, ati kwa sababu ilishindwa sokoni. Mimi sikubali.

Mwaka 1897 huko Göttingen, Nernst alitengeneza kijiti cha kauri: zirkonia iliyochanganywa na itria, kiasi cha asilimia 15 kwa uzito. Kikiwa baridi, umeme haupiti. Lazima ukipashe moto kwanza ndipo king'ae. Hebu fikiria, ndugu msomaji, taa ya umeme inayowashwa kwa kiberiti! Kampuni ya AEG iliinunua kwa pesa nyingi, kisha nyuzi za tangsteni zikaifukuza madukani.

Lakini ndani ya kijiti kile zilikuwa zikitembea ioni za oksijeni, ndani ya kitu kigumu kama kigae! Mwaka 1937 Emil Baur na mwenzake Preis, kule Zürich, wakaifanya zirkonia kuwa ukuta wa seli ya fueli. Hewa upande huu, gesi upande ule. Oksijeni inavuka ukuta, inakutana na gesi, umeme unatoka bila ndimi za moto. Joto lilifika kama digrii 1000, na hata hapo ukuta uliubania umeme mno.

Aliyefumbua fumbo ni Carl Wagner, mwaka 1943. Zirkoni ina chaji nne, itri tatu tu. Kwa hiyo kila itri mbili zikiingia, kiti kimoja cha oksijeni kinabaki wazi. Oksijeni ya jirani inahamia pale, nyingine inafuata, kama abiria wa daladala wanavyosogea mmoja akishuka. Kumbe kinachopitisha umeme ni pengo!

Tangu hapo, kuboresha kauri hizi kumekuwa kazi ya kupanga mapengo. Ukizidisha itria, mapengo yananaswa na njia inabana. Wengine wakajaribu seria yenye gadolini, ambayo inafanya kazi kwenye digrii 500 au 600, ila ikikutana na haidrojeni inavujisha elektroni. Mwaka 1994 Tatsumi Ishihara, Mjapani, akaleta kauri ya lanthani na gali.

Hata hivyo zirkonia bado ipo kazini. Mchanganyiko unaopendwa una asilimia 8 ya itria kwa hesabu ya molekuli. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu ya kile kijiti cha taa: karibu 9. Nernst alilenga palepale, miaka zaidi ya arobaini kabla ya mtu yeyote kumweleza kwa nini.