Risasi Nyembamba, Ndovu Elfu Moja

Ukiishika risasi ya milimita 7 mkononi, utaicheka. Kichwa chake kina gramu 11 hivi, unene wake kama penseli. Sasa mfikirie ndovu dume wa tani tano. Jamaa mmoja Mskoti, Walter Bell, aliyezaliwa 1880, aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaangusha kwa risasi hiyo hiyo. Wapenzi wa bunduki wanabishana juu yake hadi leo.

Wenzake walibeba mizinga. Risasi ya .577 ilikuwa na kichwa cha gramu 49 hivi, na teke lake begani si mchezo. Bell aliona huo ni mzigo wa bure. Baruti isiyotoa moshi, iliyovumbuliwa Ufaransa miaka ya 1880, ilikuwa imebadilisha hesabu: risasi nyembamba na ndefu, iliyovikwa chuma kigumu, ilienda kasi na kupenya moja kwa moja bila kupanuka wala kupinda. Kikubwa kilikuwa ni kujua pa kuipeleka. Kwa hiyo alilipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Fuvu lenyewe ni kubwa ajabu, lakini sehemu kubwa ni mfupa wenye vijitundu kama sega la nyuki. Ukikosa ubongo, umemtia mnyama maumivu na hasira tu.

Basi, je, risasi ya wastani inatosha? Kwa Bell, ndiyo. Lakini Bell alikuwa mlenga shabaha wa ajabu, aliwinda kila siku kwa miaka, na kule Karamoja, Uganda, alikuta ndovu wengi ambao hawakuwa wamezoea bunduki. Mtalii wa wiki mbili, anayetetemeka kichakani mbele ya dume lililojeruhiwa, hana hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana sheria za uwindaji zilizokuja baadaye sehemu nyingi za Afrika zilidai bunduki nzito zaidi, mara nyingi .375 kwenda juu. Mimi naona sheria hizo zilikuwa sawa. Sheria haitungwi kwa ajili ya fundi mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo mabishano ya kipenyo huliruka. Misafara ya Bell ilianzia Mumias, hapa kwetu Magharibi, na pembe zilisafiri kwa miguu, mabegani mwa wapagazi. Nyayo zilifuatwa na Mkaramojong aliyeitwa Pyjale, ambaye Bell mwenyewe alimsifu kwenye kitabu chake cha 1923. Bila Pyjale, bunduki yoyote, iwe ya milimita 7 au 15, ingepiga nyasi tu.

Na biashara ilikuwa pembe, tusidanganyane. Bell alikufa 1954 kwao Uskoti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977.