Kisaki Haikuzaliwa Kimya

Mto Mgeta huanzia kwenye miteremko ya Uluguru, huizunguka milima hiyo kwa upande wa kusini, kisha huelekea mashariki kupitia Kisaki hadi unapokutana na Ruvu, mto unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam. Wakutu na majirani zao wanaoishi kando yake hulima mpunga na ufuta, na mafuriko yakipungua huvua kambale na perege. Kusini yao inaanza Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yenye tembo, viboko na mamba. Mgeni anayeshuka kwenye kituo cha reli ya TAZARA huona watu wachache na pori kubwa, naye huondoka akiamini kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Nadhani amekosea. Utulivu wa kingo hizi ulitengenezwa na historia, tena historia yenye machungu.

Mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipita Duthumi na Zungomero, mahali palipokuwa kando ya Mgeta, si mbali na Kisaki. Zungomero ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa baina ya pwani na bara. Burton aliikuta nchi yenye rutuba, lakini pia aliona vijiji vilivyoporwa na kuchomwa moto na watu wenye bunduki, na wenyeji waliokwisha kukimbia. Hata hivyo watu hawakwisha. Mwaka 1879 Keith Johnston, kiongozi wa msafara wa wanajiografia wa Uingereza, aliugua na kufariki katika kijiji cha Behobeho, kusini ya Kisaki. Leo Behobeho imo ndani ya hifadhi.

Uvuvi wenyewe ni ushahidi kwamba hapa palikuwa na watu wengi. Mgono, yaani mtego wa samaki, husukwa kwa fito nyembamba zinazofungwa kwa kamba za miti. Mdomo wake ni mpana, na ndani yake kuna koo lenye ncha za fito zinazoelekea ndani, hivyo samaki hupenya kwa urahisi lakini akitaka kurudi ncha humzuia. Mgono mmoja ni kazi ya mtu mmoja. Ila kuziba mkondo mzima kwa uzio wa miti, na kuacha mianya ya kutega migono wakati maji yanaporudi mtoni, kunahitaji watu wengi na makubaliano kuhusu nani atege wapi. Maarifa ya namna hiyo hukomaa penye jamii iliyokaa na mto vizazi kwa vizazi.

Kilichofuata kiliipunguza jamii hiyo. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilileta njaa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Morogoro ilitekwa mwishoni mwa Agosti 1916, na Septemba 7 na 8 majeshi ya Kijerumani ya Lettow-Vorbeck yakawarudisha nyuma wapanda farasi wa Afrika Kusini hapo hapo Kisaki. Baadaye Mgeta ukawa mstari wa mbele hadi Januari 1917. Kwa miezi hiyo majeshi mawili yalikaa kando ya mto mmoja, yakila chakula cha wenyeji na kuwachukua wanaume kubeba mizigo, kazi iliyoua maelfu kwa maelfu Afrika Mashariki. Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, aliuawa Behobeho Januari 4, 1917. Mwaka 1922 pori la akiba lililotangazwa kusini ya mto likapewa jina lake; sehemu yake ndiyo Hifadhi ya Nyerere ya leo.

Wapo watakaosema kwamba mbung'o na mafuriko vingetosha kuwazuia watu wasijazane hapa. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mbung'o huua mifugo na mafuriko hubeba mazao. Lakini mtafiti Helge Kjekshus alionyesha mwaka 1977 kwamba katika sehemu nyingi za nchi yetu mbung'o walifuata kuondoka kwa watu: mashamba yakiachwa, vichaka hurudi, na mbung'o hurudi navyo. Kwa hiyo wadudu hawa huenda ni matokeo ya uhamaji kama walivyo chanzo chake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: lau watu wangebaki, wanyama wangekwisha. Sikatai kwamba kilimo kikipanuka pori hupungua. Lakini tembo wa Selous, waliohesabiwa zaidi ya 100,000 mwaka 1976, walibaki takriban 13,000 mwaka 2013, na waliuawa ndani ya eneo ambalo halikuwa na vijiji. Kukosekana kwa wakazi hakukuwaokoa. Vijiji vya Ukutu vilipoungana katika jumuiya ya JUKUMU kusimamia wanyamapori wa ardhi yao, vilikuwa vikidai nafasi ambayo babu zao walikuwa nayo kabla ya mwaka 1922.

Kaburi la Selous liko Behobeho, na watalii hupelekwa kuliona. Wanapaswa waambiwe pia kwamba hapo palikuwa na kijiji, na kwamba Johnston alifia mikononi mwa nchi yenye watu. Ramani za hifadhi ziandikwe majina ya vijiji vya zamani na njia ya misafara ya Zungomero, na wazee wa Kisaki waulizwe majina hayo mapema, wakiwa bado wapo wa kuulizwa.