Chanjo ya asilimia 36, hamira ya mandazi na mbwa wa Kombewa

Haya wasomaji, leo sina simu mpya ya kuwachambulia wala programu ya kuisema vibaya. Leo nazungumzia mbu. Najua mtaniuliza mtu aliyesomea kompyuta ana shughuli gani na mbu. Subirini kidogo.

Oktoba 6, 2021, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba linapendekeza chanjo ya malaria iitwayo RTS,S itumiwe kwa watoto wa Afrika. Hakuna chanjo ya malaria iliyokuwa imewahi kupendekezwa hivyo. Mimi nilikuwa ofisini Nairobi, nikipigana na hitilafu moja kwenye programu iliyoninyima usingizi siku mbili. Habari ikaingia kwenye simu, nikaisoma mbio mbio mpaka nikafika penye tarakimu: katika jaribio kubwa, watoto waliopata dozi nne walipunguziwa malaria kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi.

Nikaangua kicheko. Nikamwonyesha mwenzangu wa meza ya pili, naye akasema, "Thelathini na sita? Chuoni hiyo ni kurudia mtihani." Nikaongeza kwamba mimi nikimpelekea mteja programu inayofanya kazi mara 36 kwa mia, jioni hiyo hiyo naanza kutafuta kazi nyingine. Tulicheka sana. Kisha nikampigia mama Kombewa ili naye apate kucheka.

Mama hakucheka. Aliniacha nimalize, halafu akaniuliza kwa Kijaluo, "Wewe ulishikwa na malaria mara ngapi kabla hujaanza shule?"

Nikasema sijui, Mama.

"Mimi najua," akasema, akakata simu. Ilikuwa bili yangu, kwa hiyo sikuelewa haraka ya nini.

Nitarudi kwenye simu hiyo. Kwanza, kwa wasiopajua kwetu: ukitoka Kisumu mjini, ukafika Kisian ukaiacha barabara ya Busia na kushika ya Bondo, utafika Kombewa. Ziwa liko upande wa kushoto, mbu wako pande zote. Na jambo ambalo nilikuwa nimelisahau siku ile ya kicheko ni kwamba ile asilimia 36 ilitoka, pamoja na mahali pengine, nyumbani kwetu.

Tuanze mwanzo basi. Ronald Ross alimwona mdudu wa malaria ndani ya tumbo la mbu huko India mwaka 1897. Tangu hapo kila mtu alijua adui anapita mlango gani, lakini kujua mlango si kuwa na kufuli. RTS,S yenyewe ilitengenezwa mwaka 1987 katika maabara ya kampuni moja huko Ubelgiji, ambayo leo ni sehemu ya GSK, ikishirikiana na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, Walter Reed. Usishangae wanajeshi kuingia hapa. Askari akipelekwa nchi ya joto, mbu anaweza kumlaza kitandani kabla adui hajamwona.

Jina hilo, RTS,S, ni ushahidi kwamba wanasayansi ni wabaya kama sisi wa kompyuta katika kutoa majina. R ni kipande cha protini ya kijidudu cha malaria kinachojirudiarudia. T ni kipande kinachoamsha seli za kinga ziitwazo seli T. S ni protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini aina ya B, ambayo vipande hivyo viwili vimebandikwa juu yake. Na S ya pili, ile baada ya koma? Ni protini hiyo hiyo, safari hii bila kubandikwa kitu. Ni kama kuliita faili lako "ripoti_mpya_mpya2".

Lakini utengenezaji wake ndio ulionifurahisha. Protini hizo hukuzwa ndani ya hamira, na ni hamira ya aina ile ile inayoumua mkate na mandazi! Kisha huchanganywa na dawa ya kuuchokoza mwili uamke, ambayo sehemu yake hutoka katika gamba la mti unaoota Chile. Kazi ya chanjo ni kumvizia kijidudu katika ile safari fupi ya kutoka mdomoni mwa mbu hadi kwenye ini. Akishafika ini anazaana kwa maelfu, na hapo umechelewa.

Mwaka 1997 zilichapishwa habari za watu saba wa kujitolea huko Marekani waliochanjwa, kisha wakakubali kuumwa na mbu wenye malaria kwa makusudi. Sita kati ya saba hawakuugua. Kazi hiyo iliongozwa na daktari José Stoute. (Niliposoma habari hiyo, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kwetu tulifanya jaribio hilo kila usiku, bila fomu.)

Stoute huyo huyo baadaye alifanya kazi kwetu, Kombewa, ambako taasisi ya Walter Reed na KEMRI wana kituo cha utafiti. Huko ilijaribiwa kwanza chanjo nyingine, FMP1, ambayo haikumvizia kijidudu njiani bali ilimngoja ndani ya damu. Walianza na watu wazima 40. Mwaka 2005 wakaendelea na watoto 400. Majibu yalichapishwa mwaka 2009, mwandishi wa kwanza akiwa Dkt. Bernhards Ogutu wa KEMRI, na yalikuwa ya kuvunja moyo: miili ya watoto ilitengeneza askari wa kinga kwa wingi, lakini malaria iliendelea kama kawaida, kana kwamba hakuna aliyechanjwa. Waandika programu wenzangu wataelewa maumivu haya. Kila kipimo kimepita, taa zote za kijani, unaikabidhi kwa mteja, inaanguka.

Wakati huo huo, mbali huko, wenzetu wa kompyuta nao walikuwa wameanza kumshughulikia mbu. Februari 2009 Bill Gates alisimama mbele ya matajiri huko California, akafungua kopo na kuwaachia mbu ukumbini, akisema hakuna sababu maskini peke yao wapate uzoefu huo. Mbu wale hawakuwa na malaria, na ni lazima niseme kwamba mbu asiye na malaria kwetu ni mgeni wa heshima. Mwaka uliofuata, kwenye jukwaa hilo hilo, Nathan Myhrvold, aliyewahi kuwa mkuu wa teknolojia wa Microsoft, alionyesha mtambo unaomtambua mbu akiwa hewani na kumpiga kwa mwali wa leza! Nilipoiona video yake miaka ya baadaye niliirudia mara kumi. Kisha nikajiuliza, stima ikipotea je? Neti tulizogawiwa kujifunika baadhi yetu walianikia omena ufukweni. Huo mtambo wa leza tungeufanyia nini? Pengine kulinda vifaranga dhidi ya mwewe.

Jaribio la mwisho la RTS,S lilianza Mei 2009 kule Bagamoyo, Tanzania. Lilikuwa na vituo 11 katika nchi saba, na watoto zaidi ya 15,000. Kenya ilikuwa na vituo vitatu: Kilifi, Siaya na Kombewa. Nilikuwa shule ya msingi. Ninalokumbuka ni gari, fomu, na minong'ono. Watu wa kwetu wana hadithi ya zamani ya kachinja, wale wanaodaiwa kunyonya watu damu wakauze, na mtu akija na sindano na vichupa huwezi kuzuia hadithi hiyo isiamke. Bibi mmoja jirani alitangaza kwamba mjukuu wake hatatolewa hata tone. Mama aliuliza maswali siku mbili mfululizo mpaka nadhani yule dada wa fomu alitamani kuhama kaunti (wakati huo tulisema wilaya), kisha akaweka sahihi. Mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miezi minane, akaingizwa.

Jaribio kama hili lina kanuni moja kali: nusu ya watoto au zaidi wanapata chanjo yenyewe, waliobaki wanapata kitu kingine, na wala mzazi wala daktari hajui nani kapata nini. Ni kama sisi tunavyowapa watumiaji nusu kitufe cha bluu na nusu cha kijani, ila hapa kitufe ni mtoto wako. Na kwa kuwa si vizuri kumdunga mtoto maji matupu, watoto wa umri wa mdogo wangu walioangukia kundi la kulinganishia walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mmeshaotea. Utafiti ulipokwisha tukaambiwa: mdogo wangu alikuwa na kinga ya mbwa. Miaka yote ile mama alikuwa akimtazama kila homa ikimjia, akijiuliza kama dawa inafanya kazi, kumbe haikuwemo. Nilidhani atakasirika. Alisema, "Basi wale wengine walipona kwa sababu huyu alikuwa upande wa pili wa mizani." Sisi watoto hatukuwa na hekima hiyo, tulimwita Guok, yaani mbwa, hadi alipoanza kutupiga.

Majibu yalitoka kwa awamu, na kila awamu gazeti lilibadilisha uso. Oktoba 2011: malaria imepungua kwa karibu nusu mwaka wa kwanza, shangwe. Mwaka 2012: kwa watoto wachanga wa wiki 6 hadi 12 ni theluthi moja tu, huzuni. Mwaka 2015: asilimia 36 kwa watoto wakubwa kidogo waliopata dozi nne, na 26 kwa wachanga. Zaidi ya hayo, kulionekana kesi nyingi zaidi za uti wa mgongo miongoni mwa waliochanjwa, bila sababu kueleweka. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani likasema ijaribiwe kwanza kwenye kliniki za kawaida: Malawi na Ghana kuanzia Aprili na Mei 2019, na Kenya kuanzia Septemba 13, 2019, ikizinduliwa Homa Bay. Hofu ile ya uti wa mgongo haikuthibitika huko.

Sasa turudi kwenye simu ya mama. Usiku ule nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kucheka, yaani nikatafuta ripoti yenyewe ya 2015. Humo kuna tarakimu nyingine ambayo magazeti hayakuipenda: kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, ziliepukwa kesi 1,774 za malaria. Soma tena. Watoto elfu moja, kesi elfu moja mia saba na zaidi! Nilidhani ni kosa la uchapaji. Kisha nikapiga hesabu ya haraka haraka: kama 1,774 ni kama theluthi, basi bila chanjo watoto hao wangeugua karibu mara 5,000. Mara tano kila mtoto. Na huo ni wastani wa vituo vyote, pamoja na vile ambako malaria ni kidogo. Kombewa haimo katika vile.

Nilikuwa nimehesabu kama mtu wa kitufe, ambaye kwake kitu kinafanya kazi au hakifanyi. Mama alihesabu kama mtu aliyembeba mtoto mgongoni usiku kwenda hospitali. Asubuhi nikampigia tena. Alikuwa ameshatoa kadi zetu za kliniki kutoka kwenye sanduku la bati. Mimi: mara kumi na moja. Kaka yangu aliyenitangulia: mara tisa, kisha kadi yake inaishia hapo, ana miaka mitatu.

Tulinyamaza kidogo. Halafu nikamuuliza habari za mjukuu wake, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Homa Bay. Akasema ameshadungwa tatu, ya nne ni mwaka ujao akitimiza miezi 24. Hapo ndipo penye tundu, kwa sababu mtoto wa umri huo hana tena safari nyingi za kliniki na wengi huikosa dozi hiyo. Nikaona nafasi ya kujikomboa. Nikaandika programu ndogo ya kumtumia mama na dada ujumbe wa simu kwa Kijaluo siku saba kabla, siku tatu kabla, na siku yenyewe. Niliijaribu wiki nzima. Vipimo vyote vilipita.

Mwaka 2022 siku ikafika, na ujumbe haukwenda. Nilikuwa nimesahau kulipia huduma ya kutuma. Nikampigia mama kwa hofu. Alikuwa tayari Homa Bay tangu jana yake, foleni ya kliniki, mtoto mgongoni, tarehe ameiandika kwa kalamu nyuma ya kadi yangu.