Futari Yetu na Mto Tana: Historia Iliyomo Kwenye Sahani



Ndugu msomaji, kila sifa njema ni ya Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu. Mafunzo ya swaumu na nguzo zake wapo masheikh wetu wa kuyaeleza, na mimi mwanafunzi sina la kuwaongezea. Nimeomba nafasi ndogo tu nizungumze nawe juu ya kitu ambacho wewe na mimi hukitazama sana jioni tukingoja adhana ya magharibi, nacho ni sahani ya futari. Sahani hiyo ina historia, na historia yenyewe ni ya hapa hapa kwetu Garissa.

Tuanze na hesabu kidogo. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Ndiyo maana Ramadhan hurudi nyuma kila mwaka, na kwa miaka kama 33 huwa imepita katika misimu yote. Wazee wetu wafugaji waliugawa mwaka mara nne: gu, mvua ndefu za Aprili hadi Juni, hagaa, miezi ya upepo baada yake, deyr, mvua fupi za Oktoba hadi Disemba, na jilaal, kile kiangazi cha Januari hadi Machi unachokijua mwenyewe. Basi mzee wa miaka 70 amefuturu katika kila msimu, akarudia tena. Muulize alikula nini, utapata historia ambayo hukusomeshwa darasani.

Na usidhani kufuata msimu ni jambo la umaskini. Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi zilizoiva, yaani rutab, zikikosekana, tende kavu, na zikikosekana hizo pia, mafunda ya maji. Rutab haipatikani mwaka mzima, ina miezi yake. Kwa hiyo hata katika mafunzo haya mna hesabu ya msimu: kilichopo sasa kwanza, kilichohifadhiwa baadaye.

Wafugaji waliishi hivyo hivyo. Ramadhan ikiangukia gu, ngamia wamezaa na malisho yako tele, futari ilikuwa maziwa. Yapo ya kukamuliwa sasa hivi, na yapo yaliyogandishwa, suusa, yenye ukali wake mtamu. Ikiangukia jilaal, maziwa hupungua, na hapo ndipo nyirinyiri ilipofunguliwa. Nyama hukatwa vipande vidogo, hukaushwa, hukaangwa mpaka unyevu uishe, kisha hufunikwa na samli ikakaa miezi. Msituni kulikuwa na kunazi, na kando ya mto kulikuwa na ukwaju. Lakini mboga za majani, hapana. Ayeeyo wangu hata leo akiona mchicha mezani huuliza ni mbuzi gani anayetarajiwa.

Tunacheka, lakini ndani ya kicheko hicho kuna dharau ya zamani, na hapa nataka tuzungumze ukweli. Mbuzi na ngamia walikuwa wetu, ila kijani ilikuwa ya wengine. Kando ya Tana, tangu kabla ya mji wa Garissa kuwapo, walikuwapo Wamunyoyaya na Wamalakote, na chini zaidi Wapokomo. Mto ulifurika mara mbili kwa mwaka, ukaacha tope jeusi, nao wakapanda ndani ya tope hilo maji yakirudi nyuma: mahindi, kunde, maboga. Ndizi na maembe yalisimama ukingoni. Jilaal ilipowabana wafugaji wakashuka kwenye malka kunywesha mifugo, maziwa na samli vilibadilishwa kwa nafaka na ndizi. Waligombana pia, bila shaka, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu hajui mpaka wa shamba. Lakini mfugaji alimwona mshika jembe kuwa mtu wa chini, hata alipokuwa akila chakula chake na hata walipokuwa wakisimama safu moja katika swala. Hayo hayakuwa na msingi katika dini yetu, na sijui kwa nini hatuyasemi.

Kilichotupeleka sisi kwenye jembe ni msiba. Tangu 1926 wakoloni waliifanya Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, mtu haingii wala hatoki bila ruhusa. Uhuru ukaja, na tarehe 28 Disemba 1963 ikatangazwa hali ya hatari katika eneo letu. Ramadhan ya mwaka huo wa Hijria, 1383, ilianza katikati ya Januari 1964, katikati ya jilaal, na vita vya Shifta vimeshaanza. Mnamo 1966 na 1967 watu wakakusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa na askari. Ngamia hawezi kuishi kijijini, yeye hufuata majani. Mifugo ikafa, mingine ikachukuliwa. Vita vilipotulia 1967, familia ambazo jana zilihesabu ngamia kwa makumi zilikuwa mjini hazina kitu. Ukame wa miaka ya 70 na ule wa 1984 ukaongeza wengine. Baadhi yao, na wengi walikuwa akina mama, wakashuka mtoni kuomba kipande cha ardhi. Nani aliwafundisha kupanda mgomba na kuchimba mfereji? Ni wale wale jirani waliokuwa wakidharauliwa.

Mandera nao wana mto Daua na vitunguu vyao. Wajir hawana mto ila visima, na hadithi yao inahitaji makala nyingine.

Basi pampu za maji zikaja, na mashamba ya Garissa yakakua: ndizi, mapapai, tikiti, nyanya, ndimu, pilipili. Nenda Suuq Mugdi baada ya swala ya alasiri mwezi huu ujionee. Ile ndizi mbivu tunayoweka juu ya wali au pasta, ambayo wageni hutushangaa kwayo, na ile basbaas ya kuchovyea sambusa, si vitu vya jangwani. Ni vya mtoni.

Mto wenyewe nao haukubaki ule ule. Huko juu yalijengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mafuriko madogo ya kila msimu yakapungua, na kilimo cha tope kikadhoofika. Mafuriko makubwa lakini hayakukoma. Mwaka 1997 uliingia Ramadhan mbili, moja Januari na nyingine mwisho wa Disemba. Ile ya Januari ilikuta ukame, mpaka serikali ikautangaza kuwa janga la kitaifa. Ile ya pili ilikuta mvua za El Niño: mto umevunja kingo, migomba imekwenda na maji, barabara zimekatika, na juu ya hayo homa ya Bonde la Ufa imeingia kwa mifugo na kwa watu, ikaua mamia hapa kwetu na upande wa Somalia. Watu wakaogopa nyama na maziwa. Hebu fikiria futari ya nyumba ya Garissa jioni zile. Mboga zimezama, na nyama na maziwa haviaminiki. Mama mmoja wa jirani yetu husema walifuturu kwa uji na sukari, na wakati mwingine kwa uji tu.

Agosti 2011 tulifunga katikati ya ukame mwingine, na kambi za Dadaab zikipokea maelfu waliokimbia njaa ya Somalia. Mwaka 2018 na tena 2020 mto ulifurika Ramadhan ikiwa karibu au imeingia, na 2020 tulikuwa pia na nzige na kafyu ya korona. Mkulima wa mtoni hupanda upya kila mara. Wewe na mimi huona bei ya nyanya imepanda tukalalamika, tukafungua paketi ya unga wa juisi.

Si lazima uwe na shamba ukingoni, lakini. Katika miaka ya 2000 wakimbizi wa Dadaab walipanda mboga ndani ya magunia: safu ya mawe katikati ili maji yapite, udongo na samadi pembeni, matundu ubavuni kwa miche. Maji yaliyokwisha kutumika nyumbani ndiyo yaliyomwagiwa. Kama iliwezekana kule kambini, hapa Bulla Iftin au Bulla Punda, ambako kila nyumba ina mwarobaini wa kivuli na mbuzi wa samadi, kinachotushinda ni nini?

Ukitaka kujaribu mwakani, hesabu kwa miezi yetu wenyewe. Tikiti na nyanya huhitaji kama miezi mitatu, kwa hiyo zipandwe Jumadal-Akhir ikianza. Bamia ni ya Rajab. Mchicha unaweza kungoja mpaka Shaaban, maana wiki tatu au nne zinautosha. Na jua kuwa kwa miaka michache ijayo Ramadhan itakaa kwenye jilaal na kurudi kuelekea deyr. 2030 tutafunga mara mbili, Januari na mwisho wa Disemba, kama 1997. Jilaal ni kavu, lakini ndiyo miezi ya maembe ya mtoni.

Maji? Weka beseni chini ya birika watu wanapotia udhu. Nyumba ya watu saba, mara tano kwa siku, inatosha gunia mbili za mchicha bila kumlipa mwenye punda hata jerikeni moja. Na kabla ya kupanda, shuka mtoni umuulize mzee wa Kimunyoyaya mbegu gani inavumilia jua hili. Anajua. Mchukulie tende.