Zawadi Inayonunuliwa Gulioni

Watafsiri wa vipeperushi vya utalii wana neno moja linalowasumbua. Mgeni anayemaliza likizo yake Unguja hapandi ndege mikono mitupu. Hupita Darajani, kwenye soko lililofunguliwa mwaka 1904, akanunua karafuu na iliki, kisha akaingia vichochoro vya Mji Mkongwe kutafuta kikoi, kanga au picha ya Tingatinga. Vitu hivyo, kwa ujumla wake, tuviiteje? Kuna wanaoandika “kumbukumbu”, kuna wanaoandika “vitu vya ukumbusho”, na mitaani watu wameridhika na “duka la vinyago”, hata pale ambapo kinyago ni kimoja na vilivyobaki vyote ni bangili na mikufu. Jibu lililonikaa moyoni nimelipata mbali na bahari, Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, ambako mgeni hatafuti duka la vinyago lakini hakuna anayeondoka bila mzigo.

Tuanze na mahali penyewe. Huku pana soko na pana gulio, na mwenyeji havichanganyi. Soko lina paa, vizimba na mlinzi. Lipo hata usiku milango ikiwa imefungwa. Gulio ni siku. Jana uwanja ulikuwa wa mbuzi, leo maturubai yametandikwa na mafungu ya nyanya yamepangwa, kesho patabaki maganda ya miwa. Ndiyo maana watu husema “leo ni gulio” wala hawasemi “leo ni soko”. Kamusi zinalitaja pia neno chete kwa maana iyo hiyo, na ninasikitika kwamba vijana wengi hawalijui. Mnada nao, ambao kwa asili ni mahali pa kunadi mifugo, siku hizi umebeba mitumba, ndoo za plastiki na nyama choma. Lakini gulio ndilo ninalolipenda zaidi. Kwa Muha, mwenyeji wa nyanda hizi, kununua ni kugura, kwa hiyo masikio yake yanakisikia kitenzi ndani ya nomino bila kufundishwa. Sisi tuliozoea “kununua” tumelikariri neno tu, tukasahau kwamba limezaliwa na mzizi wa Kibantu ambao bado uko hai kwa jirani zetu.

Ukisimama hapo kwa muda utagundua kwamba kila kitu kina majina mawili matatu. Samaki mwembamba wa Ziwa Tanganyika ambaye wataalamu humwita Lates stappersii, Kigoma ni mgebuka, ng’ambo ya mpaka Burundi ni mukeke. Dagaa kwa Mrundi ni ndagala. Kisamvu kwa Mkongo ni sombe, mchicha ni lengalenga, vitenge ni bitenge. Majina haya hayakufika kwa vitabu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi mno. Nduta, upande wa Kibondo, nayo ikafunguliwa tena mwaka huo. Watu hao walikuja na njaa na huzuni, na walikuja pia na msamiati. Palipokuwa na masoko ya pamoja, mkimbizi na mwanakijiji walipatana bei kwa Kiswahili cha pande zote mbili, na muuzaji mwenye akili alilitamka jina alilolizoea mteja wake.

Mafuta yana somo lake. Chikichi moja hutoa mafuta ya aina mbili: yale mekundu ya nyama yake ni mawese, na yale yanayokamuliwa kwenye kiini cha kokwa ni mise. Mjini Dar es Salaam watu wengi hujua mawese peke yake. Neno mise likipotea, tutabaki kueleza kwa sentensi nzima kitu ambacho mama wa Kigoma anakitaja kwa silabi mbili.

Sasa njoo Kibondo, kwenye asali. Nchi hii ni ya miombo, na ndiko kuliko na misitu inayoungana na pori la akiba la Moyowosi. Asali ya hapa huwa nzito, yenye rangi ya hudhurungi iliyokolea. Kwanza jifunze kitenzi: asali haivunwi, hurinwa. Mrina asali hupanda juu ya mti ulipotundikwa mzinga, mara nyingi wa gome au wa gogo, akiwa na moshi mkononi. Ukifika kwa muuzaji, usiulize tu bei. Atataka kujua kama unataka ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambayo ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na wengi huinunua kwa ajili ya kikohozi. Atachovya kijiti, atakudondoshea tone kiganjani ulambe. Mkikubaliana, atamimina kwenye chupa ya maji iliyosafishwa, ataongeza tone la juu kama nyongeza, kisha ataweka kipande cha nailoni mdomoni mwa chupa kabla ya kukaza kifuniko ili isivuje ndani ya basi. Wakongo nyongeza hiyo huiita matabishi, neno la Kireno lililovuka Kongo nzima. Lakini kabla ya kumimina, muuzaji mzoefu huuliza: “Hii ni ya kutumia au ni ya zawadi?” Ikiwa ni ya zawadi, hutafuta chupa mpya na kuifuta mpaka ing’ae.

Kwa swali hilo, muuzaji ameshatenga alichoshindwa kukitenga mtafsiri wa kipeperushi. Kumbukumbu ni kitu changu: nimenunua ili nisisahau nilikokwenda. Tena neno hilo lina kazi nyingine nzito. Waulize makatibu wanaosoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Ukumbusho nao umezoea minara na maadhimisho. Zawadi haisimami bila mtu wa pili. Ukiitamka, tayari kuna mama, shemeji au jirani anayesubiri basi la kutoka Kasulu, na anajua kwamba mkono mtupu haulambwi. Asili ya neno inanifurahisha: kwenye Kiarabu mzizi wake unahusu zad, chakula cha njiani, masurufu ya msafiri. Waswahili walikipindua kile kifurushi. Kilichokuwa cha kumshibisha anayekwenda kikawa cha kumfurahisha aliyebaki. Na nyanda hizi zimehifadhi maana zote mbili kwa pamoja, kwa sababu zawadi ya Kigoma bado ni chakula: dagaa, mawese, maharage, asali. Kitenge ndicho pekee kisicholiwa.

Sisemi ukumbusho ufutwe. Mtu anayenunua kinyago akiweke kabatini kwake, na kiitwe ukumbusho, ni haki yake na ni neno zuri. Ninachokataa ni kuliacha lipewe nafasi ya zawadi kwenye kila kibao na kila kipeperushi, kana kwamba anayesafiri hana mtu nyumbani. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likiorodhesha istilahi za utalii, ningependa “zawadi ya safari” iwemo kama kidahizo kamili, ikitenganishwa na “kitu cha ukumbusho”, kila moja na mfano wake.

Na wanaofungasha asali ya Kibondo kwa ajili ya maduka ya mjini, ambao lebo zao nyingi zimejaa lugha ya kigeni, waazime maneno ya gulioni, yanatosha: asali ya miombo, ya nyuki wakubwa, imerinwa Kibondo, na mwezi iliporinwa.