Mbwa Wasioonekana wa New York

Katika karne ya 19, mbwa wasio na mwenyewe jijini New York walitiwa ndani ya kizimba cha chuma wakazamishwa mtoni. Mwaka 1866 Henry Bergh alianzisha ASPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, na maofisa wake wakapewa mamlaka ya kukamata watu. Mwaka 1894 chama hicho kikakabidhiwa pia kazi ya kukusanya mbwa wa jiji, na kuwaua waliokosa wa kuwachukua. Kiliifanya hadi miaka ya 1990, kikaiacha.

Mwaka 2001 kituo cha Animal Planet kilianza kurusha Animal Precinct, kipindi kilichowafuata maofisa wa chama hicho. Mtazamaji aliona mlango ukigongwa, mbwa aliyekonda akibebwa, mtu akitiwa pingu; kisha mbwa yuleyule, amenawiri, akipata nyumba mpya. Hadithi ilihitaji mkosaji na mwokozi. Mbwa ambaye hakuteswa na yeyote, wala kutakiwa na yeyote, alikuwa sasa kazi ya taasisi nyingine, na kamera haikumfuata huko.

Mwaka 2014 upelelezi nao ukahamia kwa polisi wa jiji.