Pikapu inapolia chini: Namna ya kutambua mlio unatoka wapi

Na Mwandishi Wetu

PIKAPU inayotoa mlio mwembamba wa "kwi, kwi, kwi" inapoondoka taratibu ni jambo la kawaida katika mitaa ya Dar es Salaam, na wamiliki wengi hawaujali kwa sababu hupotea gari linapoongeza mwendo. Kwa hakika mlio huo haupotei. Humezwa na kelele za injini, tairi na upepo, huku kifaa kinachoutoa kikiendelea kulika.

Katika pikapu nyingi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, nguvu hutoka kwenye injini, hupita klachi na gia boksi, kisha husafiri kwa propela shafti hadi kwenye difu. Kwa kuwa difu hupanda na kushuka pamoja na springi, shafti hiyo hufungwa kwa viungo vinavyojipinda, ambavyo mafundi huviita krosi kutokana na umbo lake la msalaba. Kila mkono wa krosi huingia katika kikombe chenye beringi nyembamba kama sindano. Maji ya mafuriko na vumbi vikipenya mpira wa kuzibia, grisi huoshwa, sindano hushika kutu na chuma huanza kusagana na chuma.

Kabla ya kununua kifaa chochote, swali la kwanza ni hili: mlio unafuata mwendo wa injini au wa magurudumu? Gari likiwa limesimama na injini inaunguruma, kanyaga klachi. Mlio ukianza unapokanyaga na kukoma unapoachia, shaka iangukie beringi ya klachi. Ukitokea gia ikiwa huru na klachi imeachiwa, kisha ukakoma unapokanyaga, mhusika yumo ndani ya gia boksi.

Gari lililosimama likiwa kimya kabisa, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, fika kilometa 30 kwa saa, toa gia na uliache lijiendee. Injini imeshuka lakini mlio unaendelea kwa mapigo yale yale? Basi chanzo kiko nyuma ya gia boksi. Gusa breki kidogo. Mlio ukikatika, angalia pedi na ngoma za breki kwanza, kwani si milio yote ya chini ni ya shafti.

Kuna kipimo kingine ambacho hakigharimu hata senti, nacho ni kuhesabu. Difu yenye uwiano wa 4.1 huifanya propela shafti izunguke zaidi ya mara nne kila gurudumu linapozunguka mara moja. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, kifaa cha gurudumu hulia takriban mara moja kila sekunde moja na nusu, lakini krosi hulia zaidi ya mara mbili katika kila sekunde. Mtu akitembea kando ya gari na kusikiliza, tofauti hiyo huonekana wazi. Difu yenyewe kwa kawaida haitoi mlio wa ndege. Huvuma mfululizo, na mvumo hubadilika unapoongeza au kupunguza mafuta.

Baada ya hapo fundi aingie chini, magurudumu yakiwa yamewekewa vizuizi na injini imezimwa. Ashike shafti kwa mikono miwili na kuitikisa kila upande. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Unga mwekundu wa kutu kuzunguka vikombe ni ushahidi mkubwa, hata kama bado haijalegea. Pikapu ndefu zenye shafti ya vipande viwili zina pia beringi ya katikati iliyoshikwa na mpira, nayo isisahauliwe.

Wapo mafundi wanaonyunyizia oili na kumrudishia mteja gari likiwa kimya. Ukimya huo ni wa siku chache tu. Krosi yenye kitundu cha grisi na isiyolegea inaweza kujazwa kwa pampu hadi grisi mpya itokeze katika vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa, krosi ibadilishwe. Zile zilizofungwa kiwandani bila kitundu hubadilishwa moja kwa moja.

Anayechelewa hupata dalili ya pili: mgongo wa "ko!" anapobadili kutoka gia ya nyuma kwenda ya mbele, kisha mtetemo katika mwendo kasi. Krosi ya mbele ikikatika, ncha ya shafti huanguka barabarani na inaweza kupiga tangi, mabomba ya breki au sakafu ya gari. Gari hilo halitashikiliwa tena na gia mlimani. Na kwa magari ambayo breki ya mkono imefungwa kwenye shafti, kama Land Rover Defender za zamani, breki ya mkono nayo huacha kuyashika magurudumu ya nyuma.

Fundi anapoifungua shafti, mmiliki ahakikishe imewekewa alama kwa rangi au patasi, kwenye difu na mahali vipande viwili vinapoingiliana. Ikirudishwa imegeuka, krosi mpya zitaanza kutetemeka siku hiyo hiyo.